Usiku wa king'ora Colito

Kondakta wa daladala ya Tegeta akishavuka Mwenge anaita "Lugalo, Lugalo!" na wanaoshuka wengi wanakwenda hospitali ya jeshi. Jina la Colito hulisikii. Kambi ni ileile, kando ya Barabara ya Bagamoyo, maili nane hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, lakini jina lake la zamani limebaki kwa watu wa aina mbili tu: wanaosoma habari za maasi ya askari wa Tanganyika ya 1964, na wazee wa Kiingereza waliopangiwa kazi hapo ujanani.

Hao wazee ndio walionirudisha kwenye kisa hiki. Maofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki ambalo wazee wetu waliliita Keya, wameacha kumbukumbu nyingi za maandishi, na ukizisoma moja baada ya nyingine unaweza kudhani mwandishi ni mmoja. Kuna jua, kuna bahari, kuna safari za porini, kuna askari wachangamfu, watiifu, hodari wa kuimba wakiwa njiani. Kwao Colito ilikuwa ng'ambo. Kijana alifika, akakaa miaka miwili mitatu, akaondoka na picha zake. Kisha unafunua ukurasa wa Januari 1964 na sauti inabadilika ghafla. Mwandishi ameduwaa. Hawa si askari wangu, anasema, au kuna mtu wa nje aliyewatia sumu.

Nani alikuwa nyuma ya maasi ni swali lililoulizwa sana na sina jipya la kuliongezea. Mimi nataka kuangalia jambo dogo zaidi. Iliwezekanaje watu wakakaa kambi moja, wakaonana kila alfajiri kwenye kwata, halafu upande mmoja usione chochote mpaka mlango wa chumba cha gadi ulipofungwa wao wakiwa ndani?

Tuanze na jina lenyewe. Colito ni mji mdogo wa kusini mwa Ethiopia. Mei 1941 Keya ilipambana hapo na Waitaliano, na Sajenti Nigel Leakey, mtoto wa walowezi wa Kenya, alirukia juu ya kifaru cha adui peke yake, akakinyamazisha, kisha akauawa akikimbilia kingine. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, akiwa keshakufa. Vita ile walipigana askari weusi wengi, na kambi ya Dar es Salaam ikapewa jina la mahali walipomwaga damu. Ila simulizi inayokuja na jina hilo, popote unapoikuta, ni ya Leakey. Sisemi hakustahili, mtu anayerukia kifaru anastahili kusimuliwa. Nasema tu kwamba kijana wa Kihehe au wa Kikuria aliyepita chini ya kibao cha kambi kila siku alikuwa anapita chini ya ushujaa wa mtu mwingine.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, Keya ya Sita, yaani batalioni ya Keya iliyokuwa Colito, ikawa Batalioni ya Kwanza ya Tanganyika Rifles. Batalioni ya Pili ilikuwa Tabora. Beji zikabadilika, na usiku ule Luteni Alexander Nyirenda akasimamisha bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro. Nchi nzima inaijua picha ile. Lakini miaka miwili baadaye, jeshi zima la Tanganyika, batalioni mbili hizo, lilikuwa bado chini ya Brigedia Patrick Sholto Douglas, na waliotoa amri kwenye paredi Colito wengi wao walikuwa bado Waingereza. Maofisa Waafrika walikuwepo, wameshapita vyuo vya kijeshi, ila vyeo vya juu havikuwa vyao. Askari wa kawaida aliona bendera mpya mlingotini, na chini yake sura zilezile za zamani.

Sasa niingie ndani ya kambi, maana humo ndimo kisa kilimo.

Keya iliendeshwa kwa Kiswahili. Ofisa kijana aliyetoka Uingereza, na katika miaka ya 1950 wengine walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa au ishirini waliotumikia jeshi kwa mujibu wa sheria ya kwao, alitakiwa ajifunze lugha. Wengi walijifunza, na waliona fahari. Ila kilichozungumzwa kilikuwa Kiswahili cha aina yake, wenyewe walikiita Ki-KAR: viambishi vimekatwa, maneno hayazidi ya kutosha kazi, na kitenzi karibu kila mara kimesimama katika hali ya amri. Leta hii. Fanya upesi. Geuka. Ondoka. Ofisa aliyeandika baadaye kwamba alizungumza na askari wake kwa lugha yao hakuwa anadanganya. Alizungumza nao kweli. Lakini lugha yenye amri tupu haina mlango wa kuingizia "afande, hela haitoshi na mke wangu amejifungua". Askari aliyekuwa na Kiswahili kamili kutoka Tabora au Mrima alilazimika kukivunjavunja ili mkubwa wake amwelewe, na ukishavunja lugha kiasi hicho, malalamiko nayo yanabaki vipande.

Kwa hiyo malalamiko yalipita kwingine, kwa sajenti na kwa effendi. Neno hili lina safari ndefu. Ni la Kituruki, likaja na askari wa Kisudani walioajiriwa tangu enzi za mwanzo za majeshi ya kikoloni Afrika Mashariki, na ndilo lililozaa "afande" yetu. Katika miaka ya 1950 Waingereza walikifanya effendi kuwa cheo rasmi cha Mwafrika mkongwe, juu ya sajenti meja lakini chini ya ofisa mdogo kabisa wa Kizungu. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Mtu huyo alikuwa amekula chumvi nyingi jeshini, anaishi karibu na askari, anajua nani ana deni kantini na nani mkewe ametoroka. Uhuru ulipokaribia cheo hicho kikaondolewa, na waliokuwa nacho, waliofaa, wakapandishwa kuwa maofisa kamili. Kwenye karatasi ni maendeleo. Ila mimi naona ndipo daraja lilipovunjika: yule aliyekuwa masikio ya laini za askari, yaani safu za nyumba zao kambini, alihamia mezani kwa maofisa, na nafasi yake haikujazwa na mtu.

Halafu kuna mshahara. Askari asiye na cheo alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Ili uione vizuri namba hiyo iweke kando ya nyingine: kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam, kilichopendekezwa mwaka 1962 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, kilikuwa shilingi 150. Wakubwa wa jeshi wangekujibu kwamba askari ana posho, ana sare, ana pa kulala, na wangekuwa na hoja. Lakini askari hakulinganisha hesabu kwa namna hiyo. Alilinganisha kwa macho. Alitoka kwenda mjini siku ya mapumziko, akamkuta mdogo wake aliyeishia darasa lilelile anafagia ghala la bandari na ana pesa zaidi mfukoni. Alimwona karani aliyesoma naye akipanda cheo kwa sababu Mzungu wa ofisini ameondoka. Kule kambini Mzungu hakuwa ameondoka.

Hilo la mwisho ndilo lililouma, na wiki za mwanzo za Januari 1964 zikalichochea. Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa Mwafrika katika ajira za serikali umekwisha. Kuanzia sasa raia ni raia, rangi isitazamwe. Uamuzi huo mimi bado nauona wa haki, na ulihitaji ujasiri. Tena ulihusu utumishi wa umma na raia, si maofisa wa kuazimwa kutoka Uingereza. Lakini neno likitoka Ikulu hadi laini za askari hupita mikono mingi, na lilipofika Colito lilikuwa limekuwa fupi: Wazungu wanabaki. Tarehe 12 mapinduzi yakatokea Zanzibar, watu waliokuwa na mapanga na mishale wakaangusha serikali asubuhi moja. Siku chache baadaye polisi wapatao 300 wa Tanganyika wakavushwa kwenda kusaidia kutuliza visiwa. Mji wa Dar es Salaam ukabaki bila nguvu nyingine yenye silaha zaidi ya ile iliyokuwa Colito.

Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu tarehe 20, saa saba na nusu hivi, king'ora cha hatari kililia kambini.

Hapa nataka tusimame kidogo. King'ora ni kitu ambacho ofisa amefundishwa kukitii kuliko kitu kingine chochote. Kinapolia huulizi, unavaa suruali gizani, unatafuta viatu, unamwambia mke abaki ndani, unakimbia. Waasi walijua hivyo kwa sababu wao wenyewe walifundishwa na hao hao. Hawakuhitaji kwenda nyumba kwa nyumba kuvunja milango. Maofisa na masajenti wa Kiingereza walikuja wenyewe, mmoja mmoja, wakitoka usingizini, wakajikuta wamezungukwa na kusukumiwa chumba cha gadi, kile kile walichozoea kumtupia askari mlevi alale mpaka asubuhi. Mpango mzima ulikuwa wa kijeshi, umetulia, umetumia mazoea ya kambi dhidi ya kambi. Walioupanga walikuwa masajenti. Ukitaka ushahidi kwamba Keya ilifundisha kazi vizuri, uko hapo.

Brigedia Douglas aliponyoka akajificha mjini. Askari wakateremka kwa malori, wakashika Ikulu, uwanja wa ndege, redio na mawasiliano ya simu. Nyerere na Kawawa walikuwa wameshaondolewa na kufichwa. Aliyejitokeza ni Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, akaenda nao mpaka Colito kusikiliza.

Na walisema nini? Maofisa wa Kiingereza waondoke. Mshahara upande kutoka 105 hadi 260. Wakataka pia mkuu wao awe Mwafrika, wakamchagua Luteni Elisha Kavana. Basi.

Hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo naona haijapewa uzito wake. Mji mkuu ulikuwa mikononi mwao, redio wanayo, rais haonekani, na visiwa vya jirani vimetoa mfano siku nane zilizopita. Mtu anayetaka serikali angetangaza serikali. Wao walimtafuta waziri wakamweleza shida zao, kama ambavyo kila askari hupeleka shida kwa mkubwa, tofauti ikiwa kwamba safari hii mkubwa alizungukwa na bunduki. Ndiyo maana sipendi wanaoyaita mapinduzi yaliyoshindwa. Yalikuwa mgomo, na wagomaji walikuwa na silaha. Hilo halipunguzi ubaya wake: mitaani uporaji ulizuka siku hiyohiyo, maduka ya Wahindi na Waarabu yakavunjwa, na watu zaidi ya kumi wakauawa mjini kabla ya jua kuzama. Mgomaji mwenye risasi hajui utaishia wapi, hata kama madai yake yanaenea katika nusu ukurasa.

Waingereza wa kambini wakapakiwa ndege kwenda Nairobi siku ileile. Tabora ikafuata tarehe 21. Tarehe 23 askari wa Jinja, Uganda, wakamshikilia Waziri Felix Onama mpaka awape nyongeza. Tarehe 24 ikawa Lanet, karibu na Nakuru. Siku tano, nchi tatu, jeshi lililokuwa moja chini ya jina moja. Wapo waliotafuta mkono mmoja wa siri uliozungusha yote. Kwa maoni yangu hapakuwa na haja ya mkono. Kambi zote zilijengwa kwa kanuni moja, mishahara ikapangwa pamoja, hata nyumba zikapangwa safu kwa mtindo uleule. Mwenye nyumba akisikia paa la jirani limeng'oka, huangalia lake.

Kisha kikafuata kile ambacho Nyerere hakukificha kwamba kilimtia aibu. Aliomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 25 manowari ndogo Cambrian ilipiga mizinga ya kutisha, na helikopta kutoka meli ya ndege Centaur zikawashusha makomando wa kikosi cha 45 kwenye uwanja wa michezo kando ya kambi. Douglas alikuwa pamoja nao, kipaza sauti mkononi, akiwataka askari wajisalimishe. Roketi moja ikapiga kwenye gadi, lile jengo lilelile. Askari wachache wakafa, wengine wakatupa silaha, wengine wakakimbilia vichakani. Kazi kubwa ilikwisha mapema asubuhi.

Kwa hesabu ya siku, Waingereza walitoka mlango wa mbele Jumatatu wakarudi kwa uwanja wa mpira Jumamosi. Katika kumbukumbu zao hilo ndilo hitimisho, na linawatuliza: mambo yalirekebishwa. Naelewa kwa nini. Mtu aliyefungiwa gadi na askari aliowafundisha kulenga shabaha anahitaji mwisho wa namna hiyo.

Kwa askari hapakuwa na hitimisho la namna hiyo. Batalioni ilivunjwa, watu wakavuliwa sare na kurudishwa wilayani kwao. Walioshitakiwa walifika mahakama ya kijeshi, 14 wakatiwa hatiani, na sajenti aliyeonekana kuwa kiongozi akapata miaka 15. Nyerere aliiona adhabu kuwa ndogo, akasema hivyo, lakini hakuiingilia. Waliofungwa walikuwa wamesema mahakamani, na mahakamani mtu husema yanayomwokoa. Wale mamia waliorudishwa kijijini hawakuulizwa na mtu. Aliyerudi kwao kwa fedheha, bila kiinua mgongo, haketi barazani kuwasimulia wajukuu raha za kambini. Ndiyo sababu, ukitafuta leo maisha ya Colito yalikuwaje, unakuta rafu nzima ya kumbukumbu za watu waliokaa hapo miaka miwili, na karibu hamna kitu kutoka kwa waliokaa kumi. Msomaji asiyejihadhari ataichukua ile rafu kuwa ndiyo kambi yenyewe. Nami nilikaribia kufanya hivyo.

Tofauti ya nchi tatu baada ya hapo inastahili aya yake, ingawa si kisa changu. Uganda ililipa: Obote aliongeza mishahara, askari wengi wakabaki, na Amin akapanda vyeo haraka mpaka mapinduzi yake ya 1971 tunayoyajua. Kenya iliwaita Waingereza mapema, ikawashitaki waasi, lakini haikulibomoa jeshi zima. Tanganyika ndiyo iliyong'oa mpaka mzizi. Nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam Februari, Nigeria ikaleta batalioni kushika nafasi ya makomando, na vijana wa TANU Youth League wakaanza kuandikishwa. Tarehe 1 Septemba 1964 jeshi jipya lilizaliwa, ndilo Jeshi la Wananchi, likakabidhiwa kwa Mrisho Sarakikya, ambaye usiku wa maasi alikuwa kapteni Tabora. Makosa yote mawili ya Colito yalishughulikiwa humo: askari akaingizwa kwenye siasa ya nchi badala ya kuwekwa mbali nayo, na ofisa akawa mtu anayeelewa sentensi nzima ya Kiswahili. Kuhusu lile la kwanza watu wanabishana mpaka leo, na wana haki.

Kambi ikabadilishwa jina. Lugalo ni mahali karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliufyeka msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Chaguo zuri, na nadhani waliochagua walifurahi walipoliandika. Ila aliyesoma habari za siku ile anajua kwamba walioanguka na Zelewski wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari weusi, Wasudani na watu wa Msumbiji walioajiriwa kwa mshahara, mamia kadhaa, na hao ndio waliokuwa wameleta pwani yetu lile neno ambalo mlinzi wa lango la Lugalo bado analitamka kila gari la mkubwa linapoingia: afande.